Kijiko Changu Ndani ya Chungu cha Mwikali

Mtu akiinamia chakula changu na kuchezesha midomo bila kutoa sauti, mimi huangalia mikono yake. Najua anaomba. Nimeolewa na mtu anayeomba hivyo hivyo, kimya, kabla ya kila mlo, na bado jicho langu hushuka lenyewe mpaka kwenye vidole vyake. Mume wangu husema nina roho ya polisi. Mimi humwambia ni mazoea tu, na kwamba aliyeniingiza kwayo ni mwanamke yule yule niliyekuwa namshuku.

Tulimzika mwanamke huyo majuzi. Jina lake Mwikali, mke wa pili wa baba yangu. Baada ya mazishi niliachiwa kazi ya kupanga vitu vya chumba chake cha kushonea, na nilipofungua mlango, ile harufu ya mafuta ya cherehani na kitambaa kipya ilinikalisha chini kwenye stuli yake. Nilikaa hapo muda mrefu bila kupanga kitu.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka saba. Baba alikuwa kibarua wa mashamba kule Kiboko, kando ya barabara kuu, na alikuja nyumbani Kalamba mwisho wa mwezi tu. Mimi niliishi na Susu, yaani nyanya, mama yake Baba. Tulikuwa wawili na tulitosheana. Kisha mwisho wa mwezi mmoja, nikiwa darasa la tano, Baba akaja na mwanamke mwembamba, cherehani, betri ya gari na televisheni ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe.

"Huyu ni wa wapi?" Susu akauliza.

"Mutomo," Baba akajibu.

"Aiya. Kitui."

Sisi wa Makueni tuna maneno yetu kuhusu watu wa Kitui, kama wao walivyo na yao kuhusu sisi. Yetu husema kwamba wanajua dawa, na sina maana ya dawa ya hospitali. Ni upuuzi, na kila mtu anajua ni upuuzi, na kila mtu husema. Nilimtazama yule mgeni akishusha cherehani yake kwa uangalifu kama mtu anayeshusha mtoto, nikaamua siku ile ile kwamba nitamwita Anti, wala sitamwita kitu kingine.

Jambo la kwanza lililonifanya nimshuku ni uji. Kwetu, mtu akikupa uji au maji kwenye kibuyu, yeye ndiye anayeonja kwanza. Hupiga funda moja mbele ya macho yako, hufuta mdomo, kisha anakupa. Hakuna anayekueleza kwa nini, lakini hata mtoto anaelewa: anakuonyesha hakuna kitu ndani. Susu alikuwa ananionjea hata mimi mjukuu wake. Mwikali hakuonja. Aliinamisha kichwa juu ya kibuyu, midomo ikacheza, kisha akampa Susu kwa mikono miwili.

"Mbona huonji?" Susu alimwuliza siku ya tatu.

"Mama, mimi niliokoka. Kule kwetu pastor alitufundisha tukaacha kuonja, ni kama kuogopa wachawi. Sasa mimi naombea tu."

Susu akanywa. Mimi sikuridhika hata kidogo. Sisi pia tulikuwa watu wa kanisa, na kanisani kwetu Mungu aliombwa kwa sauti mpaka mabati yakatetemeka. Mtu aliyesimama kuomba alijulikana mpaka sokoni anaomba nini. Kuomba kimya kulikuwa nini, kama si kuficha? Kila asubuhi nilijaribu kusoma ile midomo, na kila asubuhi sikupata hata neno moja.

Jambo la pili lilikuwa rangi. Kila Jumamosi na Jumapili, saa kumi na moja jioni, Mwikali alifunga nyaya kwenye betri na tukatazama mchezo wa Wakorea wa zamani za wafalme. Sijui niwaambie nini wale ambao hawakukulia mbele ya michezo ile. Sisi tuliokulia hapo tunajua. Kulikuwa na jumba lenye paa zilizopinda ncha zake kama sketi iliyopigwa na upepo, wanaume wenye kofia nyeusi zilizoonekana hadi ndani, na wanawake waliotembea bila miguu yao kuonekana. Mfalme alikuwa ameleta mke mpya kutoka jimbo la mbali. Mama yake mfalme hakumpenda. Maandishi ya Kiingereza yalipita chini ya kioo haraka kuliko macho yangu, na Susu hakusoma Kiingereza kabisa, kwa hivyo tulilazimika kufuata nyuso.

Hapo ndipo Mwikali aliponifundisha. "Wewe Ndinda, usiangalie uso," aliniambia. "Huyo ameajiriwa juu ya uso. Angalia mikono."

Nikaangalia. Yule mke mpya alitukanwa mbele ya watu wote, na uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, hata akatabasamu. Lakini chini, ndani ya mikono mirefu ya nguo, kitambaa kilikuwa kikikunjika na kukunjuka. Alikuwa akikaza ngumi. Nilihisi nywele za shingo zinasimama. Mtu alikuwa ameketi kule mbali sana, akajua kwamba kitu kidogo namna ile kitaonekana, na mimi wa Kalamba nikakiona. Mwikali mwenyewe alikuwa akitazama huku ameacha mdomo wazi, sindano iko hewani. Mara nyingine aliona mshono tu. "Aki tazama hiyo kola, imelala vile. Huyo fundi ni fundi."

Kisha akasema, "Hiyo sketi yake ni nyekundu. Nyekundu kama ndani ya tikiti. Na hiyo koti ya juu ni kijani ya mbaazi, ile haijakomaa."

Nikaitazama televisheni. Ilikuwa nyeusi na nyeupe, kama jana na juzi.

"Unajuaje?" nikamwuliza.

"Mshonaji anajua rangi hata gizani."

Susu akaguna. Usiku akaniambia polepole, "Watu wa Kitui wanaona vitu." Alisema kwa mzaha nusu, lakini mimi nilichukua ile nusu nyingine.

Miezi miwili haikupita, Susu akaanza kuumwa na tumbo. Alijikunja kitandani akishika chini ya mbavu, akakataa chakula, akakonda. Baba Mkubwa, kaka yake Baba mwenye boma la jirani, alianza kupitia kila jioni. Alikuwa mtu wa kusema methali kisha kunyamaza ili ikufanyie kazi. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema mlangoni, akimwangalia Mwikali anayepima kitambaa. Mwikali akaendelea kupima.

Na kwenye televisheni, juma lile lile, mama mfalme akaanguka mezani. Mjakazi mmoja mwenye uso wa upole akachukua kijiko cha fedha, akakitumbukiza kwenye supu iliyopikwa na mke mpya, na kilipotoka kilikuwa cheusi. Kamera ilikaa kwenye kile kijiko. Hakukuwa na muziki. Niliona weusi ukipanda polepole kwenye ule mng'ao, nikageuka kumtazama Mwikali, naye alikuwa analia. Nikajiuliza, analia nini kama si kwamba mwenzake amekamatwa?

Shuleni kila mwanafunzi alibeba kijiko chake cha chakula cha mchana, chepesi, cha kung'aa, chenye alama ili kisiibwe. Changu nilikuwa nimekikwaruza herufi N kwa msumari. Kiling'aa, na kwa akili yangu kilichong'aa kilikuwa fedha. Jumamosi asubuhi Mwikali aliinjika muthokoi, mahindi yaliyotwangwa ganda, pamoja na maharagwe, ndani ya chungu, akatia magadi ili yaive upesi, akamimina maji ya kisima chetu ambayo yana chumvi mpaka hata chai unaisikia. Alipotoka kwenda kupeleka gauni la mtu, nilitumbukiza kijiko changu mpaka chini kabisa, nikafunika.

Kilichemka na muthokoi mpaka alasiri. Nilipokivua kwa kijiti kilikuwa cheusi.

Niseme ukweli: sikuogopa. Nilifurahi. Nilikuwa nimemkamata.

Jumapili baada ya kanisa Baba Mkubwa alikuja na wazee wawili wa ukoo kumwona Susu. Baba alikuwa Kiboko. Mwikali alikuwa amepakua muthokoi uliobaki wa jana, anamletea Susu sahani, nami nikatoka nyuma ya mlango na kijiko changu mkononi.

"Baba Mkubwa," nikasema, "hiki nilikiweka kwa chungu chake. Kilikuwa cheupe."

Akakishika, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Wazee wakasogea. Nilikuwa nimeona nyuso kama zile Jumamosi iliyopita, zimevaa kofia nyeusi.

"Hiki kilikuwa ndani ya chungu cha nani?"

"Cha Anti."

Mwikali alikuwa amesimama na sahani. Nilingoja akane, alie, aape. Alinitazama mimi tu, wala si wao. Kisha akaketi kwenye stuli ya Susu, akaweka sahani magotini, akaanza kula. Alikula kwa mkono, tonge baada ya tonge, yeye ambaye hakuonja chakula cha mtu tangu aje. Uso wake ulikuwa mtulivu. Nikaangalia mikono, kama alivyonifundisha, nayo ilitetemeka hivi kwamba haragwe moja likaanguka sakafuni. Akaliokota akalila pia. Alipomaliza alikung'uta sahani ili waone ni tupu.

"Sumu ya polepole haiui mpishi," Baba Mkubwa akasema. "Mama Ndinda, enda kwenu kidogo. Mpaka bwana yako akuje tuongee."

"Mimi sijalalamika juu ya mtu," Susu alisema kutoka kitandani, lakini sauti yake haikufika mbali.

Mwikali aliondoka kesho yake asubuhi na mfuko mmoja. Cherehani na televisheni aliviacha. Baba Mkubwa alisema ni aibu imemzidi. Mimi nilienda shule bila kijiko, nikala kwa mkono, na wasichana wote wakataka kusikia hadithi yangu. Niliisimulia vizuri sana.

Kisha Jumamosi ikafika, na mchezo ulikuwa umebakisha siku mbili. Betri bado ilikuwa na moto. Nilifunga nyaya mwenyewe, nikamsogezea Susu mto, tukatazama.

Mke mpya hakuwa ametia kitu chochote. Ni yule mjakazi wa uso wa upole. Alikuwa ametumwa, na alikuwa amepaka kijiko dawa kabla ya kukitumbukiza. Walionyesha tena ile siku ya supu, lakini safari hii kutoka upande wake, karibu sana, na yule mwigizaji alifanya kitu ambacho sijaona mwingine akifanya: wakati kijiko kinageuka cheusi, midomo yake ilihuzunika na macho yake yakafurahi. Yote mawili, kwenye uso mmoja, kwa wakati mmoja. Niliujua uso ule. Nilikuwa nimeuvaa nikikivua kijiko kutoka chunguni.

Jumapili mfalme akatuma mpanda farasi na barua ya kumrudisha. Mke mpya alikuwa njiani kwenda kwao kwa miguu, kwenye theluji. Walimpiga picha kutoka juu sana, nukta moja nyeusi kwenye weupe usio na mwisho, na ile nukta ikazidi kwenda polepole, kisha ikasimama, kisha ikalala. Mpanda farasi alipofika alishuka, akavua koti lake akamfunika. Barua hakuifungua hata. Ikaisha hapo.

Nililia mpaka Susu akasahau tumbo lake. "Atakufa njiani," nilimwambia. "Susu, Anti atakufa njiani." Susu akafikiri nazungumzia wale Wakorea. Mutomo haina theluji, ina vumbi na mbuzi, lakini hakuna aliyeweza kunieleza hivyo juma lile. Nilimsimamisha kila msafiri aliyepita, nikiuliza kama kuna mwanamke aliyeanguka.

Baba alipokuja mwisho wa mwezi nilimngojea njiani, nikamwambia yote kabla hajatua mzigo: kijiko, wazee, sahani. Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alinishika mkono mpaka jikoni, akachukua sufuria ya kuchemshia maji ya kuoga, ile ambayo niliibeba kila siku ya maisha yangu, akaigeuza nione ndani. Ilikuwa nyeusi kama kijiko changu.

"Na hii," akauliza, "ni nani aliitilia sumu?"

Ni chumvi ya kisima inayogeuza alumini kuwa nyeusi. Sufuria zote za Kalamba zilikuwa hivyo, na magadi huongeza. Tulikuwa tumezitazama miaka yote, mimi, Baba Mkubwa na wale wazee, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka sufuria ya nyumbani kwake. Tulichotaka kuona ndicho tulichoona.

Baba alimpeleka Susu hospitali. Ilikuwa vidonda vya tumbo. Kumbe alikuwa akinunua vidonge vya maumivu ya magoti dukani na kuvimeza kisirisiri kabla ya chai, kwa kuwa hakutaka tumwone amezeeka. Kisha Baba akajiandaa kwenda Mutomo, na mimi nikamfuata mpaka barabarani nikimwambia aharakishe. Siku ya nne akarudi naye. Alikuwa mzima. Alikuwa na vumbi tu.

Baba Mkubwa alirudisha kijiko, akaleta mbuzi. Alisema ni wa Susu kupata supu, na sote tukakubali kwamba ni wa Susu kupata supu. Mimi sikuwa na mbuzi. Kila nilipofungua mdomo kumwomba Mwikali msamaha, niliishia kumwuliza kama nimchotee maji. Asubuhi ya Jumatatu nilikuta kijiko changu kwenye mkoba wa shule. Kilikuwa kimesuguliwa kwa majivu mpaka ile N ikakaribia kufutika, kinang'aa kuliko siku kilipotoka sokoni. Vidole vya Mwikali bado vilikuwa na majivu.

Ni jioni ya siku hiyo, yuko kwenye cherehani, mguu unakanyaga, ndipo aliponiuliza bila kuinua macho, "Ile ya wafalme iliishaje?"

Nilifungua mdomo kumwambia kuhusu theluji, nikashindwa.

"Alirudi," nikasema. "Mfalme alituma mtu na farasi, akampata akiwa mzima, akamrudisha."

Cherehani ikanyamaza.

"Na yule wa kijiko?"

"Alipiga magoti. Mbele ya watu wote. Akasema alikosea. Akasema alikuwa... alikuwa mjinga, na aliona kitu hakipo, na hatarudia." Sasa nilikuwa nalia, na nikajifanya ni kwa sababu ya utamu wa hadithi.

"Alaa. Na bibi mwenyewe akamwambiaje?"

Sikuwa nimefikiria hapo. "Akamwambia, inuka, chakula kinapoa."

Mikono ya Mwikali ilikuwa juu ya kitambaa, imetulia kabisa. "Basi imeisha vizuri," akasema, akaendelea kushona. Jioni hiyo aliniletea uji. Aliinama, akaomba kimya kama kawaida yake, kisha, kwa mara ya kwanza na ya pekee, akapiga funda moja mbele ya macho yangu kabla ya kunipa.

Kwa miaka mingi nilijivunia uongo ule. Nilijua ni uongo mzuri na kwamba uliaminika. Juzi, siku ya tatu baada ya mazishi, niliutafuta mchezo wenyewe kwenye simu, nikaupata, safari hii una rangi. Sketi ya mke mpya ilikuwa nyekundu kama ndani ya tikiti. Koti la juu, kijani cha mbaazi isiyokomaa. Na roho yangu ya polisi, hata kwenye matanga, ikaamka: alijuaje?

Mama mmoja wa makamo, rafiki yake wa zamani kutoka Kiboko, alikuwa bado yuko nyumbani kwetu akisaidia kuosha vyombo. Nikamwuliza kama Mwikali aliwahi kuwa na televisheni ya rangi.

"Yeye? Hapana," akasema. "Lakini kabla baba yako amwoe tulikuwa tunapika pamoja kwa hoteli fulani ya madereva hapo barabarani, na hapo kulikuwa na televisheni kubwa ya kalaa, ya rangi kabisa. Ile ya wafalme na kijiko tuliiona yote, kabla warudie kuionyesha. Mwanzo mpaka mwisho. Yule bibi alipokufa kwa theluji, Mwikali alilia siku mbili, hata chapati zikaungua."

Nilirudi kwenye chumba cha kushonea, nikafunga mlango. Nilimwona tena kwenye stuli ile, mguu umesimama juu ya kikanyagio, akiniuliza iliishaje, akingoja, akiniacha nimtoe kwenye theluji kwa mikono yangu mwenyewe. Aliniuliza maswali yote aliyojua majibu yake. Na mimi, ambaye nilimchunguza mwanamke yule kila siku kama mwizi, nilimtazama mikono na sikushuku kitu.